Biashara Iliyo Miguuni Petu

(Hotuba ya Idara ya Elimu ya Chama Kikuu, iliyosomwa mjini Bagamoyo mbele ya wanachama na wageni katika sikukuu ya kutimiza miaka kumi)



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya swali ambalo mwaka huu limeulizwa katika kila mkutano wa chama cha msingi tuliouhudhuria, kuanzia Kaole na Mlingotini hata Kiwangwa na Saadani. Swali lenyewe ni hili: "Akiba sasa tunayo, je, tufanye biashara gani mpya?" Ni swali jema, nasi twashukuru kwamba laulizwa. Miaka kumi iliyopita hapakuwa na akiba ya kuulizia.

Lakini yatupasa kusema tangu mwanzo kwamba aghalabu mwenye kuuliza hivyo huwa amekwisha kugeuza uso wake kuelekea Dar es Salaam. Hutazamia jibu lishuke katika basi la asubuhi, limefungwa vizuri, lina picha ya mashine juu yake. Kosa hilo twalijua kwa sababu sisi wenyewe tulilitenda. Katika mwaka wetu wa tatu tulifungua duka la rejareja. Kwa nini duka? Kwa sababu jirani alikuwa na duka, na jirani wa jirani naye alikuwa nalo. Hatukumwuliza mwanachama hata mmoja ni kitu gani akikosacho. Tukauza sukari ile ile na sabuni ile ile, kwa bei ile ile, katika mtaa uliokwisha kuwa na maduka manne ya namna hiyo. Na karani wetu, maskini, akawa akishinda kutwa akifukuza nzi. Baada ya miezi kumi na minne tukafunga. Hasara yake imo katika vitabu, na ye yote atakaye kuisoma aweza kuja ofisini akaisoma.

Basi leo hatutasema juu ya mashine. Tutasema juu ya vitu vilivyo miguuni petu, tena tuanze na mwani, kwa kuwa wengi mliomo humu ndani mwala kwa mwani.

Wazee mtakumbuka kwamba zamani mwani ulikuwa takataka ya bahari. Ulitupwa ufukoni na mawimbi, ukanuka, ukakanyagwa na watoto waendao kuokota makombe. Walikuwapo wachache waliouokota wakauza, lakini hakuna aliyefikiri kuulima. Tangu miaka ya 1970 Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akiuchunguza mwani wa pwani yetu na kueleza faida zake. Mwaka 1989 kilimo chake cha biashara kikaanza katika pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na katika miaka iliyofuata kikavuka bahari kuja bara, hata kikatufikia sisi. Kazi yenyewe mwaijua kuliko sisi: vigingi, kamba, vijitawi vilivyofungwa kimoja kimoja, kungoja maji ya bamvua yatoke, na baada ya majuma sita hivi kuvuna, kubeba na kuanika. Ute utokao katika mwani huo hutiwa katika dawa ya meno, katika aiskrimu na katika vitu vingine kadha wa kadha ambavyo huturudia hapa katika sanduku la karatasi, kwa bei nyingine kabisa.

Sasa twaomba ruhusa kusimulia jambo lililotokea katika chama cha msingi kimoja, ambacho hatutakitaja maana wahusika wamo humu ndani. Miaka sita iliyopita, mwishoni mwa mkutano, watu wamekwisha kuanza kutafuta viatu vyao, mama mmoja alisimama akasema: "Mimi nimeanika magunia matatu, nikalipwa mawili na nusu. Hiyo nusu nimemwuzia nani?" Watu wakacheka. Kiongozi mmoja, naye tutamsitiri kwa kuwa ni miongoni mwetu tunaosema, akamjibu kwamba bei ya mwani ni jambo la kimataifa. Mama akasema hakuuliza bei, aliuliza gunia. Mnunuzi alikuwa akikata kilo kwa ajili ya mchanga na unyevu. "Na mchanga huo," akasema mama, "siulimi mimi. Waingia kwa sababu twaanika mchangani."

Hakika tuliona haya. Mwaka mzima tulikuwa tukiandika barua kwa wakubwa juu ya bei, wala hakuna aliyetazama chini.

Ilichukua muda kulitengeneza jambo hilo, wala halikutengenezeka mara ya kwanza. Shauri lilikuwa kujenga chanja, mwani uanikwe juu upate hewa chini na juu. Watu wakataka kukata boriti za mikoko. Tukawaambia mikoko haikatwi hivi hivi, sheria yaikataza, tena ndiyo nyumba ya samaki wetu. Tukapata mivinje iliyopandwa na mwanachama mmoja kwa ajili ya kuni. Juu yake tukatandaza nyavu kuukuu. Chanja za kwanza zilikuwa ndefu mno, na kusi ilipovuma zikalala chini zote kwa usiku mmoja. Tukazijenga upya, fupi, zenye miguu mingi. Tena tukanunua maturubai kwa ajili ya mvua, kwa maana mwani uliokauka ukinyeshewa hupoteza thamani yake. Siku hizi gunia la mahali pale hulipwa gunia, isipokuwa katika miezi ya masika, ambayo bado yatushinda.

Lakini tazameni kilichotokea pembeni, ambacho hakuna aliyekipanga. Vijana wanne waliojenga chanja zile waliitwa kijiji cha pili, kisha cha tatu. Mwenye mivinje amepanda mingine, safari hii si kwa kuni. Mzee mmoja ambaye nyavu zake mbovu zilikuwa zikioza nyuma ya nyumba sasa huziuza kwa pima. Hizo ni biashara tatu zilizotoka katika nusu gunia la mama mmoja, na zote tatu zingalipotea kama angalikuwa na haya ya kusimama.

Historia ya ushirika wenyewe haikwenda kinyume na hayo. Wale wenzetu wa Rochdale, Uingereza, ambao kila mwanachama hufundishwa habari zao, hawakuanza kwa wazo la ajabu. Walikuwa watu 28, baadhi yao mafundi wa kufuma, na nung'uniko lao lilikuwa kwamba unga wauziwao madukani umechanganywa na vitu visivyo unga, na mizani si ya haki. Tarehe 21 Desemba, 1844, wakafungua duka lao lenye unga, siagi, sukari, shayiri na mishumaa, basi. Walikuwa na duka kama tulivyokuwa nalo sisi. Tofauti ni kwamba wao walijua wanachama wao wanakosa nini. Na hapa nchini, mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walipoona wanapunjwa katika mizani ya wanunuzi, waliweka wapimaji wao wenyewe, ili mkulima ajue uzito wa pamba yake kabla haijafika kwa mnunuzi. Mwaka 1955 vyama vyao vikaungana katika Shirikisho la Victoria, ambalo Bwana Paul Bomani alikuwa kiongozi wake, na baadaye wakawa na vinu vyao wenyewe vya kuchambulia pamba. Mizani ilitangulia, vinu vikafuata.

Twarudi pwani yetu. Yuko mwanachama atakayesema: "Haya, gunia limelipwa gunia, lakini bado twauza mali ghafi." Asema kweli, na kweli hiyo ni ya zamani kuliko mwani. Katika karne ya 19, nyuma ya pwani hii, katika nchi ya Wazaramo na jirani zao, watu walichimba sandarusi ardhini, utomvu wa miti iliyokufa zamani. Ilitoka imefunikwa udongo, mtu asiyejua angaliitupa. Wafanya biashara wa Salem huko Marekani waliinunua Unguja wakaisafirisha. Kwao kulikuwa na kiwanda cha kuiosha, hata ikaonekana ngozi yake yenye vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa, kisha mafundi wakaitia katika vanishi ya samani na magari ya farasi. Sisi tulipata nini? Tulipata nguo, ile tuiitayo merikani hata leo kwa jina la nchi ilikotoka. Mchimbaji alichimba, na aliyeosha akatajirika.

Kwa sababu hiyo twawasifu sana wale wanaojaribu kuosha wenyewe. Huko Zanzibar Dokta Flower Msuya na kina mama waliofanya kazi pamoja naye wameonyesha tangu miaka ya 2000 kwamba mwani waweza kusagwa kuwa unga na kutiwa katika sabuni, na kina mama wa Mlingotini nao wameishika kazi hiyo. Sisi twaipenda sabuni hiyo, na twaitumia. Ila twataka kusema jambo moja ambalo huenda lisiwapendeze wote: sabuni ya mwani hununuliwa zaidi na mgeni na mtu wa maonyesho, naye hununua mara moja, akaenda zake. Jirani anunuaye sabuni kila juma bado hununua mche wa dukani kwa kuwa ni rahisi. Kabla Chama Kikuu hakijatoa fedha za akiba kununua vinu vya kusagia, twaomba tujue ni nani atakayenunua mche wa pili, na wa tatu.

Tena liko jambo la mwani ambalo twaona ni kubwa kuliko sabuni. Aina ya kotonii, ambayo ndiyo yenye bei, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi tangu mwanzo wa miaka ya 2000, kwa sababu maji yamezidi joto. Matawi hugeuka meupe, yakakatika. Katika kina kirefu yaweza kustawi, nazo njia za kuilimia huko zipo. Basi ni nini kizuiacho? Kizuizi ni kwamba kilimo hiki ni cha kina mama, na kina mama wengi wa pwani, waliozaliwa wakisikia mawimbi, hawajui kuogelea, wala hawana mashua. Pale Mbegani, mwendo mfupi kutoka hapa, pana chuo cha uvuvi chenye watu wanaoijua bahari. Ni nani miongoni mwetu, sisi viongozi wanaume, aliyepata kufikiri kwamba kumfundisha mama kuogelea ni kazi ya ushirika? Twakiri kwamba wazo hili halikutoka kwetu. Lilitoka kwa binti wa darasa la saba aliyemwuliza mama yake kwa nini huvuna mwani mahali unapokufa.

Kwa mananasi tutasema kwa ufupi. Ndugu zetu wa Kiwangwa wao hulalamikia wingi. Msimu ufikapo mananasi hupangwa kando ya barabara ya Msata kama matofali, na mwenye lori hujitajia bei. Katika kila mkutano husimama mtu akadai kiwanda cha maji ya matunda. Sisi twaogopa kiwanda kifanyacho kazi miezi mitatu kikalala tisa, maana kikilala bado hula. Huko visiwa vya Azores, katika karne ya 19, watu waliokuwa wakilima mananasi katika nyumba za vioo waligundua, kwa bahati tu, kwamba moshi ulioingia ndani uliifanya mimea itoe maua yote kwa pamoja. Wangaliweza kumkaripia aliyewasha moto, habari ikaishia hapo. Tangu hapo wakulima wametumia moshi, kisha gesi ya kabaidi na dawa nyingine, kuamua shamba lipi lizae mwezi upi. Kwa hiyo shauri letu kwa Kiwangwa si kiwanda kwanza. Ni wanachama kugawana miezi, na mmoja wao awe na kazi ya kutazama kalenda, hasa mwezi wa Ramadhani, ambao kila mwaka hutangulia kwa siku kumi au kumi na moja na ambao pwani nzima hutafuta matunda ya kufuturia. Nanasi la futari na nanasi la lundo si tunda moja.

Twaulizwa: je, kila nung'uniko ni biashara? La. Yako manung'uniko ambayo hakuna atakayetoa senti kuyaondoa. Sisi hutazama kama mtu amekwisha kuanza kutumia fedha, au saa, au miguu yake, kuikimbia taabu hiyo. Kabla M-Pesa haijaanza Kenya mwaka 2007, katika nchi kadha za Afrika watu walikuwa wakitumiana muda wa maongezi wa simu kana kwamba ni fedha. Hakuna aliyewafundisha. Hata hapa, mtu ampaye kijana wa bodaboda fedha amnunulie chambo mjini, na nauli juu yake, amekwisha kutuonyesha duka la chambo mahali lipaswapo kuwa.

Tena kuona peke yake hakutoshi, sharti kuhesabu. Mwaka juzi kijana mmoja alikuja ofisini kutaka mkopo auze barafu katika soko la samaki hapa Bagamoyo. Tulimpa daftari badala ya fedha, tukamwambia akae sokoni siku saba, aandike ni kina mama wangapi warudio nyumbani na samaki asiyeuzika. Alinuna, lakini alikwenda. Aliporudi alisema wakaangaji wa samaki hawamalizi siku na samaki. Humaliza siku na deni la kuni. Asubuhi nzima wengine huhangaikia kuni, mafuta yakiwa tayari kikaangoni. Hakutaka barafu tena. Alichotaka sasa kilikuwa mkokoteni, apite majumbani kununua vifuu vya nazi, ambavyo huwaka kwa moto mkali na watu huvitupa. Mkopo wake ulikuwa mdogo kuliko ule wa kwanza, na ameulipa.

Na kwa kuwa tumetaja nazi, hebu mtusamehe tutoke njiani kidogo. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi, lakini babu zetu wa pwani hii walikuwa wajenzi hasa. Sikilizeni lugha yao: dafu, koroma, nazi, mbata, tui, chicha, kifuu, kumbi, usumba, kuti, pakacha, upawa, tembo. Mti mmoja, na kila kipande kilipewa jina lake kwa sababu kila kipande kilikuwa na mtu wake wa kukinunua. Leo minazi mingi imekufa kwa maradhi, na iliyobaki twaijua kwa majina mawili tu, dafu na nazi. Mtoto wa siku hizi ukimtaka akuletee usumba atakuuliza ni dawa ya nini. Wala hatusemi haya kwa kulilia zamani. Twasema kwamba kila jina lililosahauliwa hapo ni bidhaa iliyotoka sokoni, na baadhi yake, kama kijana wa mkokoteni alivyoona, bado zina mnunuzi.

Litakuja jambo la kuigana. Mmoja akikaanga mihogo kumi watakaanga mihogo. Watu husema ni wivu. Sisi hatudhani hivyo. Mtu maskini huiga kwa sababu aliyetangulia amekwisha kumwonyesha kwamba njia haina shimo, naye hana fedha za kuanguka mara mbili. Kwa hiyo ushirika ukitaka watu wajaribu mapya, sharti ubebe sehemu ya anguko. Tumeomba katika bajeti ijayo fungu dogo la kujaribia, ambalo likipotea kwa kazi ya uaminifu hapana mtu atakayeitwa mwizi. Mkutano Mkuu ndio utakaoamua kesho. Twajua wako wanaotaka akiba yote igawanywe kuwa faida ya hisa, nao wana haki ya kusema hivyo. Fedha ni yao. Twawaomba tu, kabla hawajainua mikono, wapite ufukoni wazitazame zile chanja, na wamwulize yule mama ni mara ngapi aliketi kimya katika mikutano yetu kabla ya siku ile.

Mwisho, Idara yetu imenunua madaftari, moja kwa kila chama cha msingi. Litakaa penye mizani, si ofisini, likiwa na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mwanachama aandike humo taabu yake ya siku hiyo. Asiyejua kuandika amtume mtoto, na karani haruhusiwi kubadili neno. Kila robo mwaka halmashauri italisoma lote kwa sauti, hata yale yatuhusuyo sisi. Madaftari yako pale mezani karibu na mlango, mwenyekiti wa kila chama achukue lake atokapo. La chama cha hapa mjini limekwisha kuandikwa mstari mmoja tangu asubuhi, na twausoma kama ulivyo: "Viti hivi tulivyokalia leo, na turubai, na vipaza sauti, vyote vimekodiwa Dar es Salaam, na gari la kuvileta tumelilipia sisi."